Funguo Mbili, Uzi Mmoja

Kila asubuhi Bibi Tsai hula uji wa mchele wenye viazi vitamu. Siku ile hakula. Alitakiwa kupasuliwa jicho saa tatu, katika hospitali ya mjini Taitung. Alikuwa amengoja zamu yake miezi mitatu.

Mwanawe Khai-bun aliwasha gari. Injini ilizunguka, ikanguruma kidogo, ikazima. Akajaribu tena. Ikazima.

"Betri hiyo," alisema Khai-bun.

"Betri umenunua juzi," mkewe Siok-lan alimjibu. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza kusemezana wiki ile.

Jirani yao Phoa, mwanamke anayetengeneza matrekta ya wakulima wa matunda ya matopetope, alisikia injini ikihangaika. Akaja na kandambili zake miguuni.

"Daktari wa matrekta!" alisema Khai-bun. "Hili si trekta, dada."

"Najua. Trekta lina akili kuliko wewe. Acha kulilazimisha gari." Phoa aliinama dirishani. "Betri ikifa, injini haizunguki hivi. Ona taa ile ndogo yenye picha ya ufunguo. Inawaka na kuzima. Gari linakudhania mwizi."

"Mimi? Gari langu mwenyewe?"

"Nipe ufunguo."

Zilitoka funguo mbili, mmoja wa mume na mmoja wa mke, vichwa vimebanwa pamoja kwa uzi mwekundu.

"Nani amezifunga?"

"Mimi," alisema Bibi Tsai polepole. "Jana nilizipeleka hekaluni. Nikazizungusha mara tatu juu ya chetezo cha ubani."

Phoa hakucheka. "Bibi, ndani ya kichwa cha kila ufunguo kuna kidude kidogo. Gari huuliza, 'Wewe nani?' Kidude hujibu. Hapa vinajibu viwili kwa pamoja, na gari halielewi. Basi linazima injini."

Khai-bun alitoa kisu. Phoa akamshika mkono.

"Uzi umebarikiwa huo. Aufungue Bibi mwenyewe."

Bibi Tsai haoni vizuri. Aliufungua kwa kupapasa, fundo baada ya fundo. Saa ilikuwa inakwenda. Phoa alingoja kana kwamba ana siku nzima.

Kisha akampa Siok-lan ufunguo mmoja. "Huu peleka ndani ya nyumba, mbali na gari." Akamgeukia Khai-bun. "Zima kila kitu. Hesabu hadi sitini. Sasa washa."

Gari liliwaka, wala halikuzima.

"Lingekataa, ungejaribu ule wa pili peke yake," alisema Phoa. "Ukikataa nao, ita fundi wa magari. Usikate waya hata mmoja."

"Sikuiti tena daktari wa matrekta," alisema Khai-bun. "Wewe ni profesa."

Walifika saa tatu kasoro dakika tano.

Siku ya pili daktari alimfungua Bibi Tsai bendeji. Bibi aliporudi nyumbani aliona misumari miwili ukutani, mmoja huku, mmoja kule. Kila mmoja ulikuwa na ufunguo wake. Siok-lan na Khai-bun walisimama chini ya misumari hiyo, nao wametengana vilevile.

"Tumefanya alivyosema Phoa, Mama," alisema Siok-lan.

Bibi Tsai aliwatazama kwa jicho lake jipya.

"Vizuri. Funguo zikae mbalimbali. Lakini ninyi wanangu kaeni pamoja. Hilo ndilo nililoliomba hekaluni."