Mwavuli wa Zombi

Mnisamehe mapema, hii hadithi nitaiharibu. Ilihitaji mtu mwenye uso wa matanga, mkaniangukia mimi ninayecheka hata nikiwa kwa daktari wa meno. Lakini yaliyompata jamaa mmoja aitwaye Wanyama, wa Kitengela, hayakuwa mchezo.

Zamani, kabla hajawa MC wa harusi, Wanyama alitafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Kutafsiri ni jina tu, lugha za wenyewe hakuzijua. Alishika maikrofoni, akawasemea waigizaji yaliyomjia, watu wakaanguka vitini kwa kicheko. Filamu iliyompa umaarufu ilikuwa kioja: zombi mwenye suti anatembea kwenye chumvi nyeupe kama ya Ziwa Magadi, mkononi mwavuli usio na kitambaa. Zombi akafungua mdomo. Wanyama akamsemea, "Nani atanishikia mwavuli?" Kisha akajijibu, "Mtoto wangu wa kwanza!" Wakati huo hata mke hakuwa naye.

Miaka kumi na sita baadaye, Jumamosi mchana, akamwekea binti yake wa kwanza, Elsie, ile filamu, nakala iliyorekodiwa na sauti yake. Selpha, mkewe, alikuwa kando akikata sukuma wiki.

"Baba, mbona huyo zombi anangoja?"

"Anangoja nini?"

"Umalize kucheka."

Kicheko kikamkauka Wanyama. Ndipo zombi akasema, kwa sauti ya Wanyama wa ujana, maneno ambayo Wanyama hakuwahi kuyarekodi: "Amefika kimo. Mlete."

"Zima hiyo kitu!" Selpha akanong'ona.

"Nimechomoa hadi waya, mama," Wanyama akajibu.

Harufu ya magadi ikajaa sebuleni, ikawachoma pua na macho, na Elsie akainuka bila kupepesa, ngumi juu kana kwamba ameshika mpini, akaanza kutembea kuelekea kwenye TV, na kila alipokanyaga zulia paliachwa unyayo mweupe, mkubwa kuliko mguu wake.

"Baba," akalia polepole, "huu mkono si wangu."

"Jini limeingia kwa maneno yako!" Selpha alimvuta mtoto kiunoni, wakaburutwa wote wawili. "Si wewe ulimpa mdomo? Msemee akatae!"

Wanyama akarukia maikrofoni yake ya harusi, akaikoromesha sauti. "Nimeghairi! Mtoto simtaki!"

Midomo ya zombi ikalazimika kumfuata, neno kwa neno, huku macho yakimlaani. Mkono wa Elsie ukaanguka. TV ikawa nyeusi. Mtoto akajikunja kifuani kwa mamake, akilia kama mtu mzima.

Ingeishia hapo. Lakini maikrofoni ilikuwa bado inawaka, kimya kilikuwa kirefu, na Wanyama kimya hakijui.

"Basi, mzee," akasema, "ukikosa mtoto, njoo ukae na baba!"

Hakuna aliyecheka. Kutoka chumba cha kulala, viatu vikaanza kuja polepole, kru, kru, kana kwamba vinakanyaga chumvi.

"Baba Elsie," Selpha akanong'ona, "hili jini linatutakia nini?"

"Liache, mama, limealikwa mara mbili. Kama ni pepo unataka kufukuza hapa, anza na mimi."