Bangili ya Kofia

“Weka chini! Hiyo ni pembe ya faru!”

Watu wa mnada wa Karatu waligeuka. Lukresia, binti wa Mzee Bartolomeo wa Ganako, alikuwa amepiga magoti mbele ya gunia alilopanga bangili na hereni zake. Aliinua kichwa, akamwona kijana wa Kimasai, mrefu, ndani ya kaunda suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, na chini kavaa katambuga za tairi. Mkononi ameshika bangili yake, ile nyeusi inayong'aa.

“Ndugu, umelewa?”

“Sijalewa. Naitwa Koinet, dereva wa hoteli kule juu kreta. Juzi tumemkuta faru amelala, uso umekatwa kwa shoka. Na wewe hapa unapiga biashara!”

Lukresia alisimama. Alikuwa mfupi, lakini hasira ilimwongezea kimo.

“Nauza pembe za ng'ombe! Za ng'ombe aliyekwisha kuliwa! Faru simjui, tembo simgusi, hata kanga simng'oi nyoya yu hai. Nenda bucha ya Naftali pale, muulize nani humbebea pembe zake kila Jumamosi. Halafu rudi uniombe radhi mbele ya hawa hawa walioniona nikiitwa jangili!”

“Mmbulu huyu ana mdomo,” mtu alicheka.

“Mdomo ninao, na msumeno ninao!”

Koinet alikwenda. Aliporudi, kaunda suti ilikuwa imelowa mgongoni, na begani kabeba gunia. Alilimwaga miguuni pa Lukresia: pembe kumi na mbili, nyingine bado zina damu.

“Naomba radhi,” alisema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza mbuzi. “Naftali anasema ukiletewa hizi unasamehe.”

“Zinanuka.”

“Na mimi nanuka. Tusamehe wote.”

Lukresia aliuma mdomo asicheke. Akashindwa.

Tangu siku hiyo, kila gari la hoteli lilipoteremka kuchukua kabichi, lilipotea njia na kufika Ganako. Koinet alikaa juu ya kinu, akimtazama Lukresia akichemsha pembe ndani ya debe mpaka zilainike, akizikata, akizikunja kwenye gogo, akizisugua kwa mchanga, kisha jivu, kisha mafuta ya ng'ombe. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, shanga za kioo zilizotoka huko zimeadimika, na wanawake wa kila kabila walimfuata yeye.

“Mwanangu,” mama yake alinong'ona, “babu zake walichukua ng'ombe za babu zetu.”

“Na mimi nimemchukua yeye, mama. Tumelipana.”

Masika ilipokwisha, Kofia akafa. Alikuwa maksai mwenye baka jeupe kichwani, aliyelima shamba lao miaka kumi na mmoja. Alilala zizini, hakuamka. Mzee Bartolomeo, ambaye hakulia hata kwenye msiba wa kaka yake, alimlilia Kofia mchana kweupe. Pembe moja ilizikwa naye. Ya pili alimpa binti yake. “Usiiuze,” alisema.

Hakuiuza. Aliifanyia kazi wiki tatu, akaipachika vitone saba vya mfupa mweupe, na Jumapili baada ya misa akamvalisha Koinet.

“Hii haina ya pili, mpenzi.”

“Nitazikwa nayo,” alisema Koinet.

Mnada uliofuata, Lukresia aliiona bangili. Vitone saba. Imekaa kwenye mkono wa mwanamke aliyekuwa akichagua tumbaku.

“Dada, samahani. Hiyo umeipata wapi?”

“Nzuri, eh?” Mwanamke aliuinua mkono kwa furaha. Aliitwa Nashipai. “Mume wangu Metui kanipa. Yeye kapewa na rafiki yake Koinet.”

Lukresia hakukumbuka alivyofika posta. Alikumbuka tu foleni ya watu nyuma yake, na simu ya hotelini ikikwaruza.

“Lukre! Mpenzi wangu, sauti yako…”

“Mpenzi wako nani? Metui?”

“Umeiona.”

“Nimeiona!”

“Aliiomba, Lukre. Ni mtu wa rika langu, tumetahiriwa pamoja. Akiomba kitu, humnyimi. Ukimnyima, wewe si mtu.”

“Akikuomba suruali?”

“Nampa.”

“Basi mpe, utembee uchi huko kreta, watalii wapige picha!” Foleni ilipasuka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Machozi yalikuwa yanamchoma. “Ile ilikuwa Kofia, Koinet! Baba yangu alilia! Wewe umemgawa kama ugoro!”

“Dada, dakika tatu zimekwisha,” alisema karani.

“Hata zingebaki, sina la kumwambia.”

Wiki mbili alichemsha pembe kwa hasira mpaka zikapasuka debeni. Gari la hoteli lilikuja, akajifungia ndani. Mama yake ndiye aliyetoa kabichi.

Siku ya kumi na tano Koinet alikuja kwa miguu, vumbi hadi magotini. Alimkuta uani. Hakusalimia, alifungua kiganja tu. Vitone saba.

“Niliirudia. Mbele ya rika lote nilimwambia Metui anirudishie. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Walicheka mpaka ndama wakashtuka. Sasa naitwa Mke wa Bangili.”

“Wamekosea. Bangili yenyewe imekukataa.” Aliichukua, akaivaa mwenyewe. Kisha akatoa nyingine kwenye kikapu, mpya. “Hii mpelekee Nashipai. Yeye hakunikosea, na mkono mtupu unauma.”

Koinet aliipokea kwa mikono miwili.

“Na kesho akija mwingine wa rika akaomba?” Lukresia aliuliza. “Utampa debe langu? Utampa msumeno?”

“Changu kinaombwa. Cha mwenye nyumba hakiombwi. Kwetu nyumba ni ya mke, na kilichomo ni chake. Rika zima likija litakunywa maziwa, litaondoka.”

Debe lilitokota. Lukresia alivuta kuni moja nje ya moto.

“Koinet. Hapo unajitetea au unaposa?”

“Vyote viwili.”

“Kujitetea umemaliza. Kuposa ni kwa baba. Na baba hana ng'ombe wa kulimia, kwa hiyo usije mikono mitupu.”

Jumamosi alifika na wazee wawili, akivuta maksai mwekundu aliyekuwa akiyashangaa majembe. Mzee Bartolomeo alimzunguka ng'ombe mara tatu. Akamshika pembe, moja, kisha ya pili. Akamtazama binti yake mlangoni, na ile bangili mkononi mwake.

“Na huyu,” aliuliza hatimaye, “kuna mtu wa rika lako anayemtaka?”

“Hakuna, baba.”

“Basi mfunge pale pa Kofia.”