Ufa wa Bafuni

Kila asubuhi Idil aliwasha jiko la makaa na kuchemsha chai kabla ya kwenda shuleni. Mama yake, Asli, aliuza vitambaa sokoni Isebania. Walikaa ghorofani, katika jengo la nyumba nane ambapo kila familia ilikuwa imeinunua nyumba yake. Sheria ya chama chao ilijulikana hata na watoto: paa, ngazi na tangi la maji ni vya wote, vikiharibika wote wanachanga. Vya ndani ya mlango wako, shauri yako.

Makaa yalipaswa kupasuliwa uani. Lakini Aprili ile ya mwaka 1996 mvua haikuwapa watu nafasi hata ya kuanika leso, na Idil, mvivu wa ngazi, akayapasulia bafuni kwa nyundo. Siku ya tatu simenti ya sakafu ikapata ufa. Akaufunika kwa beseni, akanyamaza kimya.

Wiki haikuisha, dari ya nyumba ya chini ikaanza kudondosha maji. Humo alikaa mshonaji nguo, Mama Metrine, na binti yake Metrine, aliyeketi dawati moja na Idil darasa la nane.

Jumapili wenye nyumba wakakutana.

"Ni paa," akasema Mzee Mokaya, mwenyekiti. "Tubadilishe mabati. Kila nyumba elfu mbili, kabla ya Ijumaa."

"Mbona kwangu juu hakuvuji?" Asli akauliza.

"Maji hupita ndani ya ukuta, mama."

Idil na Metrine walikuwa wakisikiliza kando. Metrine akamnong'oneza Idil, "Mama ana elfu mbili tu, za kunisajili mtihani. Mwisho wa kusajiliwa ni Ijumaa hiyo hiyo. Nikikosa, nitarudia darasa."

Jumatatu Idil hakumaliza chakula chake. Jumanne mwalimu alimuuliza swali mara mbili, naye hakusikia. Aliogopa fimbo, aliogopa aibu, na zaidi aliogopa macho ya Metrine. Ah, siri ya namna hiyo ni mzigo mbaya kwa mtoto!

Jumatano, jua likiwaka, alikutana na Mama Metrine mlangoni kwa Mzee Mokaya, akifungua fundo la leso penye pesa. Metrine alisimama nyuma yake, macho yamemvimba.

"Mama Metrine, usizitoe," Idil akasema. "Paa halina shida. Ni mimi. Nilipasulia makaa bafuni, sakafu ikapasuka."

Asli akaitwa kutoka sokoni, na fundi Nyarangi akaletwa. Fundi akamwaga ndoo ya maji bafuni. Kitambo kidogo, tone la kwanza likaanguka juu ya cherehani ya Mama Metrine.

"Idil, umeniaibisha mbele ya majirani," Asli akasema. Kisha akamgeukia Mama Metrine. "Sakafu ni yangu na kosa ni la mwanangu. Nitalipa fundi, na dari yako pia. Nisamehe, dada. Na wewe Idil, sahau nguo mpya ya Idi."

Idil akaitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka, lakini kifua kilikuwa chepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.

Metrine akamsogelea. "Ungeniacha nikose mtihani?" akauliza.

Mzee Mokaya akakohoa. "Mimi nami nilikosea. Niliwaagiza watu walipe kabla fundi hajaangalia." Akamwinamia Idil. "Lakini sikiliza, mwanangu. Paa likivuja, hata wa chini atalichangia, kwa sababu anaamini jirani hamdanganyi. Ungeendelea kunyamaza, tungenunua mabati mapya, Metrine angebaki nyumbani, na bado maji yangemdondokea mama yake."