Ua Lilibaki Ukutani

Wewe uliiona video ile. Usijifanye hukuiona. Ulimtazama mwizi, ukacheka, ukawatumia wenzako. Nyuma ya mwizi alisimama mwanamke mwenye gauni la njano. Huyo hukumjali. Sasa kaa usikie.

Mama Dawa alikuwa na duka la dawa kwenye kona. Kila asubuhi alifuta kaunta, akapanga chupa, akaweka mashine ya kupimia presha mahali pake. Wazee wa mtaa walipimwa bure hapo. Siku moja kijana mwenye kofia aliuliza bei ya dawa ya kikohozi, kisha akatoka na mashine. Kamera ya ulinzi juu ya kabati ilinasa kila kitu.

Mama Dawa alipandwa na hasira. Alitaka kuituma video kwenye kundi la mtaa. Lakini ndani ya video alikuwemo fundi cherehani, jirani yake, aliyekuja kununua marhamu. Fundi alikuwa amemkimbia mume aliyempiga hadi kumvunja mkono. Alishamwambia Mama Dawa: mtu akija kuniulizia, hunijui.

Basi Mama Dawa akabandika picha ya ua juu ya sura ya fundi. Akaridhika. Akatuma.

Mchana fundi aliingia amejitanda shuka hadi machoni.

"Dada, umenianika," alisema.

"Shoga, si niliweka ua?"

"Ua limebaki ukutani. Mimi nilisogea."

Mama Dawa akaitazama video tena. Kweli. Fundi aliinama kuokota chenji, akainuka upande wa pili. Sura yake ilikuwa wazi kama mchana. Hata kibao cha duka kilisomeka. Chini ya video, mtu mgeni kwenye kundi alikuwa ameandika: huyo wa njano anashona wapi? Nina kitambaa.

"Nani kamwambia kwamba nashona?" fundi aliuliza kwa sauti ndogo.

Kioo cha simu kilionyesha kuwa mwenye bucha, msimamizi wa kundi, alikuwa anaandika jibu. Mama Dawa akampigia hapo hapo.

"Shemeji, usimjibu yule mtu. Futa video, umtoe kundini."

"Kwani ina siri gani? Umeonekana bila wigi?"

"Ina mtu anayeweza kuuawa."

Mwenye bucha akamtoa mgeni. Kisha akafuta video. Lakini wengine walikwisha kuituma kwingine, na Mama Dawa alishinda kwenye simu akimsihi mmoja baada ya mwingine aifute. Wawili walimcheka. Mtaa huu una usahaulifu wa makusudi. Muuza maji alipigwa hapa mpaka akapoteza jicho, kwa video ya mtu aliyefanana naye, na waliompiga bado wanatusalimia.

Jioni alikuja wifi yake Mama Dawa, anayehariri video za harusi. Hakumgombeza. Alikaa naye kwenye kompyuta, akamweleza kuwa sura hufunikwa kwa ukungu unaomfuata mtu kila anaposogea. Ukishaweka, tazama picha moja moja hadi mwisho. Ficha na kibao, ficha na nguo inayomtambulisha mtu, zima sauti.

"Na mwizi?" Mama Dawa aliuliza.

"Mfiche naye. Ukikosea mtu, utamrudishia nini? Video yenye sura wapelekee polisi peke yao."

Wakafanya hivyo. Kundini ilikwenda video ya ukungu, na ombi: aliyeona mashine ya presha ikiuzwa, aseme. Muuza vyuma chakavu akasema aliiona. Polisi wakaifuata, mashine ikarudi kwenye kaunta.

Tangu hapo hakuna video inayotoka dukani bila watu wawili kuikagua. Mgeni yule hajaonekana mtaani. Fundi bado anashona, lakini cherehani haiko tena mlangoni penye mwanga. Ameisogeza nyuma ya pazia. Pikipiki ikisimama nje, mguu wake huacha kukanyaga.

Huenda video ile ya ua bado imo kwenye simu yako. Ifungue, uifute. Mpigie uliyemtumia, naye aifute. Usiseme kesho. Fundi anasikiliza mlango sasa hivi.