Kichupa cha Mvua

Kila Ijumaa, basi la shule lilipomshusha Intisar mtaani Gulfton, jijini Houston, alipanda ngazi za fleti yao mbili mbili. Wenzake walidhani anakimbilia televisheni. Wapi! Alikuwa anakimbilia marashi.

Bibi yake, Bibi Mahfudha, alikuwa amekwisha kuswali alasiri na kukaa juu ya mkeka sebuleni, kichupa mkononi. Kilikuwa kichupa cha kioo kisichozidi urefu wa kidole gumba. Bibi alitia tone moja kwenye mkono wake, akatia tone jingine kwenye mkono wa mjukuu wake, kisha wote wawili wakafumba macho na kunusa.

"Mvua," alisema Bibi.

"Mvua," alijibu Intisar.

Na ilikuwa mvua kweli. Marashi yale hayakunukia waridi wala asumini. Yalinukia udongo mkavu unapopigwa na mvua ya kwanza baada ya jua kali. Marehemu Babu aliyaleta kutoka Kannauj, mji wa Uhindi unaosifika kwa marashi, enzi alipokuwa akifanya kazi katika duka la manukato kule Unguja. Alikwenda huko mara moja tu na tajiri wake. Waume wengine walirudi safarini na vitambaa. Yeye alimletea mkewe mvua. Kwa miaka mingi Bibi alikifungua kichupa siku za Idi tu. Babu alipofariki, na Bibi akaja Marekani kuishi na mwanawe, akaanza kukifungua kila Ijumaa. Nyumba yake aliiacha Unguja, lakini kichupa hakikumtoka mkononi mpaka ndege ilipotua.

Februari mwaka 2003, Intisar akiwa na miaka kumi na miwili, mwalimu wake wa historia aliwaambia wanafunzi kila mmoja alete kitu cha nyumbani kwao chenye hadithi.

"Bibi, naomba nipeleke kichupa," alisema Intisar.

"Chukua chochote, mke mwenzangu," alijibu Bibi, kwani ndivyo alivyopenda kumtania mjukuu wake. "Chukua kanga, chukua mbuzi ya kukunia nazi, nichukue hata mimi nikakae juu ya meza ya mwalimu. Kichupa, hapana."

Intisar alinuna. Mbuzi ya kukunia nazi! Nani angeisifu darasani? Ijumaa asubuhi Bibi alipokuwa bafuni, msichana huyo aliyelelewa vizuri kabisa alifungua kabati, akakitia kichupa kwenye mfuko wa koti lake, akaondoka bila hata kuaga.

Darasani alipata sifa kuliko alivyotarajia. Alipita kati ya madawati akimtilia kila mmoja tone kiganjani, na darasa zima likanukia. "Kunanukia mvua!" alisema mwalimu, akatazama dirishani kana kwamba haamini jua linalowaka. Intisar alivimba kichwa. Akageuka kuwapungia mkono waliokaa nyuma, na kiwiko chake kikakipiga kichupa alichokuwa amekiacha wazi mezani. Alipokiinua, hayakubaki hata matone matatu.

Njiani kurudi nyumbani alilia. Rafiki yake Anastasie, Mkongomani aliyekaa fleti ya chini, alimbembeleza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa.

"Mais usilie! Mafuta ni mafuta. Tia ingine, yeye hatajua."

"She'll know, Anastasie. Bibi anasikia harufu ya chumvi!"

"Kidogo tu. Jaribu."

Jikoni kulikuwa na bakuli la mafuta, ya rangi ya dhahabu kama yale ya Babu. Intisar alijaza kichupa haraka haraka. Akakifikisha puani. Sambusa! Yalikuwa mafuta yaliyokwisha kukaanga sambusa mara mbili.

"Intisar! Umechelewa leo," Bibi aliita akitoka kuswali. "Niletee kichupa changu."

Hakuwa na pa kujificha. Alikipeleka huku akisubiri dunia imwangukie. Bibi alitia tone mkononi, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Machozi yakamlengalenga.

"Mvua," alisema.

Intisar alimkodolea macho. Harufu ya sambusa ilikuwa imejaa sebule nzima. "Mvua," alijibu kwa sauti ndogo.

Mwanzoni alifurahi kwamba ameponea chupuchupu. Lakini Jumamosi Bibi alitia kwenye chai maziwa yaliyochacha, na Baba alipokunja uso, Bibi alicheka akasema macho yake yamezeeka. Jumatatu yakaja makubwa zaidi. Intisar alipofungua mlango akitoka shule, alipigwa na harufu ya yai viza. Gesi! Alikimbilia jikoni. Maharage yalikuwa yamefurika na kuuzima moto, na jiko lilikuwa bado wazi, likifoka gesi. Alilifunga, akafungua madirisha yote. Bibi alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka pale, akishona kofia ya Baba kwa utulivu.

"Mbona unatuingizia baridi?" aliuliza Bibi.

Jioni ile, Intisar alimweleza baba yake, Bwana Swafwani, dereva wa teksi, yaliyotokea jikoni. "Baba, nadhani Bibi hasikii harufu," alimaliza.

"Nani? Mimi?" Bibi alidakia. "Mafua tu haya. Ijumaa nimenusa marashi yangu mpaka machozi yamenitoka. Muulizeni huyo huyo, alikuwapo."

Baba alimgeukia. "Kweli, Intisar? Aliyasikia?"

Hapo ndipo Intisar alipaswa kusema. Neno lilimfika kooni. Lakini aliliona kabati, akaona kichupa, akaona uso wa Bibi.

"Ndiyo, Baba. Aliyasikia."

"Basi ni mafua," alisema Baba, akashusha pumzi. "Mama, kuwa mwangalifu tu na jiko."

Siku ya pili yake shuleni Intisar hakusikia somo lolote. Baba alikuwa kazini, na mama yake, aliyehudumia wagonjwa hospitalini, alikuwa zamu. Bibi alikuwa peke yake na jiko lile, na aliyejua hatari yake ni mtoto mmoja tu, tena mwongo. Akaamua kwamba dawa ni kununua marashi mengine. Bibi akishindwa kutofautisha mapya na ya sambusa, yeye Intisar atakuwa na ushahidi, na hakuna atakayejua habari ya kichupa. Unaona jinsi mwongo anavyopata akili nyingi za kukwepa neno moja!

Baada ya shule, kichupa kikiwa mfukoni kwani alikichukua tena asubuhi Baba asije akakinusa, yeye na Anastasie walitembea hadi barabara ya Hillcroft, kwenye maduka ya Wahindi. Duka moja dogo lilikuwa na rafu za vichupa kutoka sakafuni hadi juu. Mwenye duka, Bwana Shafiq, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliwakaribisha kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hicho wakazungumza.

"Natafuta marashi ya mvua," alisema Intisar. "Ya Kannauj."

Macho ya mzee yaling'aa. "Mimi nimezaliwa Kannauj! Nani amekufundisha jina hilo?"

Akawasimulia bila kuombwa. Kannauj upo kaskazini ya Uhindi, karibu na mto Ganga. Zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita ulikuwa makao makuu ya mfalme Harsha. Falme zimepita, kuta zimeanguka, lakini marashi yamebaki. Maua ya waridi huchumwa alfajiri kabla jua halijayaunguza, hutiwa na maji kwenye vyungu vikubwa vya shaba, na mifuniko huzibwa kwa udongo. Moto wa kuni huwashwa chini. Mvuke hupita kwenye bomba la mwanzi na kuingia katika chombo chenye mafuta ya msandali, na mafuta hayo huinywa harufu ya maua polepole.

"Na mvua je?" aliuliza Anastasie. "Mvua haichumwi."

"Kwa mvua tunapika udongo," alisema mzee, akicheka. "Udongo uliokauka na kuchomwa. Ukiutia maji, ile harufu inatoka, nasi tunaikamata. Kazi yote haina mashine ya kukuonya. Fundi hutumia mkono wake, sikio lake na pua yake. Haya, nipe kichupa chako nione."

Alikifungua, akanusa. Akanusa tena. Akamtazama Intisar juu ya miwani.

"Binti, hii ni sambusa. Ya nyama, kama sikosei."

Anastasie aliangua kicheko. Intisar aliangua kilio, na katika kulia akasema yote: darasa, bakuli la mafuta, gesi, na uongo aliomwambia Baba.

Mzee alimpa kitambaa, akangoja anyamaze.

"Babu yangu alikuwa fundi wa marashi," alisema. "Siku moja aligundua pua yake imekufa. Angeweza kuficha, nani angethubutu kumpima? Lakini aliwaita wanawe mbele ya vyungu, akawaambia, 'Kuanzia leo msiiamini pua yangu.' Alilia sana. Lakini tangu siku hiyo baba yangu akawa anamnusia, na babu anamwelekeza, na kazi ikaendelea." Alichovya pamba ndani ya kichupa kimoja cha rafuni, akaifunga kwenye karatasi, akampa Intisar pamoja na kichupa chake. "Pamba chukua. Kichupa kipya nitampa mtu mzima wa nyumbani kwenu, akija akijua kwa nini amekuja. Sasa nenda. Bibi yako yuko peke yake."

Walikimbia njia nzima. Intisar alimkuta Baba amewahi kutoka kazini, yuko sebuleni anakunywa chai na Bibi, jua bado lipo. Alipiga magoti kwenye mkeka kabla ujasiri haujamtoka, akaweka kichupa na ile pamba yenye marashi mbele ya Bibi.

"Bibi, mimi mwizi, na mwongo pia," alisema. "Nilichukua kichupa. Nilimwaga marashi ya Babu. Yaliyomo ndani ni mafuta ya sambusa, nilitia mimi. Ijumaa hukunusa mvua, Bibi. Nisamehe."

Baba aliweka kikombe chini. Bibi aliinusa pamba, akaiweka kando. Kisha alikichukua kichupa, akakipapasa kwa kidole. Intisar alitamani afokewe, apigwe hata.

"Yameisha yote?" Bibi aliuliza mwishowe.

"Yote, Bibi."

Bibi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Tangu ile homa kali ya Januari, sisikii harufu yoyote," alisema. "Udi, chai, maua, hata kichupa hiki. Ijumaa zote hizi nanusa hewa tupu. Nilisema 'mvua' kwa sababu wewe ulikuwa unaningoja niseme. Na nililia kwa sababu haikuja."

"Mama!" Baba alishtuka. "Kwa nini hukutuambia?"

"Mngeninyang'anya jiko, Swafwani. Kiingereza sijui, gari siendeshi. Kitu pekee ninachowafaa hapa ni kupika. Bila jiko, mimi ni mgeni tu nyumbani kwa mwanangu."

Baba alisogea, akaushika mkono wa mama yake, akaubusu. "Wewe ndiye mwenye nyumba hii," alisema. "Jiko halikufanyi mama yangu." Kisha akamgeukia Intisar. "Jana nilikuuliza, nawe ukanijibu uongo. Leo mchana kutwa mama yangu amekaa na lile jiko. Ungekuja ukute nini?"

Intisar aliinamisha kichwa. Hilo lilimuuma kuliko fimbo.

"Tumefanya wote wawili," alisema Bibi, akimvuta mjukuu wake kifuani. "Yeye kaficha kosa, mimi nimeficha maradhi, tukawa tunaambiana 'mvua, mvua' kama vichaa wawili, na gesi inatoka. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa nalo ni vivyo hivyo, mwanangu. Ukilisema mapema utaona aibu ya siku moja. Ukilificha, huwezi kujua litamwangukia nani." Halafu akaunusa mkono wake, ingawa hakusikia kitu, akaanza kucheka. "Yaani mke mwenzangu, umenipaka sambusa nikaenda kuswali nazo magharibi!"

Wakacheka wote watatu, wengine huku wanalia.

Wiki ile mama yake Intisar alimpeleka Bibi kliniki. Daktari alisema homa nyingine huharibu uwezo wa kunusa. Huenda utarudi polepole, huenda usirudi, na ingekuwa vizuri kama wangekuja mapema zaidi. Baba alifunga kengele ya gesi karibu na jiko. Bibi aliendelea kupika, ila si peke yake: Intisar alitoka shule na kurudi nyumbani moja kwa moja kila siku, akanusa maziwa, mafuta na samaki, na Bibi akamfundisha kupika. Ndiyo ilikuwa adhabu yake, ingawa baada ya siku chache hakuna aliyeikumbuka kuwa ni adhabu.

Ijumaa iliyofuata Baba alimchukua Bibi hadi kwa Bwana Shafiq, wakarudi na kichupa kipya. Saa ya alasiri ilipopita, Bibi alikaa kwenye mkeka, akatia tone mkononi mwake na tone mkononi mwa mjukuu wake. Wakafumba macho.

"Haya, pua yangu," alisema Bibi. "Niambie ukweli. Mvua au sambusa?"

Intisar alivuta pumzi. Hakuharakisha. "Mvua, Bibi. Ndiyo kwanza imeanza. Udongo ulikuwa wa moto, sasa unapoa."

Bibi alitabasamu, macho bado yamefumbwa.

"Mvua," alisema. "Nakuamini."