Tanbihi ya Uongo

Walikutana kwenye foleni ya mashine ya kutoa nakala, maktaba imefurika wanafunzi. Mkutubi, gauni la kijani, miwani kichwani, alimpokonya kitabu fundi friji aliyekuwa akikibana kwenye kioo.

"Kaka, kitabu hakibanwi hivyo. Ungebanwa wewe mgongo ungefurahi?"

"Inategemea anayebana."

Mkutubi alicheka, na fundi akawa hana lake tena.

Baada ya kazi fundi huandikia kamusi elezo ya mtandaoni. Yeyote anaweza kuandika, mradi kila jambo lionyeshe limetoka wapi: kitabu gani, gazeti gani, ukurasa upi. Mapenzi yalipomkolea, aliandika makala juu ya marehemu mama wa mkutubi. "Mkunga wa kwanza mjini kusomea kazi hiyo," alidai. Ushahidi hakuwa nao, akabuni: gazeti, tarehe, ukurasa wa saba. Nani angefukua?

Akapiga simu. "Mpenzi, soma zawadi yako."

Mkutubi alilia kwa furaha. Mama yake mdogo aliwasomea ukoo mzima kwa sauti.

Ila magazeti ya zamani anayatunza nani kama si mkutubi? Siku ya tatu simu ya fundi ililia.

"Nimelifungua lile gazeti. Ukurasa wa saba ni matangazo ya matairi."

"Nilitaka kukufurahisha tu, mpenzi."

"Mama alizalisha nusu ya mji huu. Alihitaji uongo wako wa nini? Na mama mdogo nimwambie nini sasa?" Akakata.

Fundi aliona haya hata kujitazama kwenye kioo. Aliifuta sentensi, akakiri mbele ya waandishi wenzake kwamba chanzo alikibuni. Walimsuta, wakaanza kukagua makala zake zote. Alistahili.

Kisha akaenda maktaba, shati limenyooshwa pasi, macho sakafuni. Mkutubi hakumjibu salamu. Alimtupia rundo la magazeti yenye vumbi.

"Tafuta."

Jumamosi nne alipekua akipiga chafya. Ya tano akapata orodha ya wahitimu wa ukunga.

"Wa kumi na moja," alisema kwa sauti ya chini. "Si wa kwanza."

Mkutubi aliweka kidole juu ya jina la mama yake. "Andika hivyo hivyo."

"Utanisamehe?"

"Kesho njoo nyumbani. Utawaambia mama mdogo na ukoo wote, kwa mdomo wako, kwamba ulidanganya. Ukitoka mzima, ndipo tuzungumze habari za posa."

Fundi alijipangusa vumbi mikononi.

"Saa ngapi?" akauliza.