Ghorofa Lisilohitaji Feni

Kila asubuhi akienda shule, Hilaria alisimama kidogo kulitazama ghorofa jipya la vioo lililokuwa likijengwa katikati ya Dodoma. Basi Madamu Loisi alipowaambia wanafunzi watengeneze mfano wa ghorofa lisilohitaji feni, Hilaria alilijenga lake kwa chupa safi za plastiki. Mfano bora ungepelekwa kwenye maonyesho ya jiji, naye aliitaka nafasi hiyo kuliko sikukuu.

"Kila mfano utawekwa juani na donge la samli ndani," alisema Madamu. "Samli ikiyeyuka, umeshindwa."

Hilaria alijaribu kwanza nyumbani. Hata maji ya ugali hayajachemka, samli ilikuwa uji!

"Hilo si ghorofa, ni jiko," alicheka Zablon, jirani yake waliyesoma naye darasa moja.

Jumamosi Hilaria alikwenda Bahi kwa bibi yake. Nje jua lilichoma, lakini ndani ya tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, kulikuwa na ubaridi mtamu.

"Bibi, kwa nini humu hakuna joto?"

"Mh! Nimezaliwa humu, niulize ya nini? Wewe ndiye unayesoma, chunguza."

Aliporudi mjini alijenga ghorofa la udongo mtupu. Halijakauka, likaporomoka kwa uzito wake.

"Tembe la ghorofa saba!" Zablon alijishika mbavu.

Hilaria alilia, kisha akafuta machozi, akafikiri. Tembe halikukosea. Yeye ndiye aliyeiga udongo bila kujiuliza unafanya kazi gani. Ukuta mnene huchelewesha joto! Akachukua maboksi mepesi. Pande za mawio na machweo akaweka kuta mbilimbili, katikati akajaza nyasi kavu. Madirisha akayatoboa kaskazini na kusini, kila moja na kofia ya kivuli. Juu akaacha tundu la kutolea hewa ya moto.

Siku ya jaribio, mifano yote ilipangwa uwanjani. Samli ya Zablon iliyeyuka mapema. Akachungulia kwa Hilaria, akaguta, "Bado imeganda! Hebu nione hizo nyasi!"

Hilaria alipomsimulia alivyolijenga, Madamu Loisi alitabasamu. "Kuiga ni rahisi, wanangu, iwe vioo vya mbali au udongo wa nyumbani. Hilaria alishindwa mara mbili, akauliza kwa nini. Anayeuliza hivyo ndiye anayejenga."

Zablon akaomba kulibeba ghorofa la Hilaria kwenda kwenye maonyesho.

"Taratibu," Hilaria alimwambia. "Usije ukaungua. Si ulisema ni jiko?"